Semina ya Fursa za Alizeti

Bwana shamba alifika ukumbini mapema akachagua kiti cha nyuma kabisa, maana jikoni, hatua kumi tu kutoka mlangoni, alikuwamo mama mkwe wake. Na mama mkwe huyo alikuwa amemnunia tangu mavuno.

Alikuwa na haki ya kununa. Ni bwana shamba mwenyewe, kwa ulimi wake mtamu na vipeperushi vya rangi, aliyemshawishi mjane wa watu aachane na mahindi, ekari zote tano apande alizeti. Mama akapanda. Alizeti ikaota, ikachanua, ikajaza magunia arobaini. Ndipo waheshimiwa, kwa kuwahurumia watu wa mjini waliokuwa wakilia na bei ya mafuta ya kupikia, wakafuta ushuru wa mafuta yanayotoka nje. Mafuta ya nje yakafurika madukani, na kiwanda kilichokuwa kikigombania mbegu za wakulima kikaanza kuzinunua kwa nusu ya bei, tena kwa kubembelezwa. Huruma ya kuwafikia wakulima, inaonekana, iliishia njiani.

Lakini msidhani serikali ilikaa kimya. Ilileta semina.

Mkuu wa idara ya kilimo alishuka garini na waraka wa kurasa kumi na moja. Wakulima walimbatiza jina la Bwana Fursa, kwa sababu kwake ukame ni fursa, mafuriko ni fursa, na nzige nao, ukimpa muda wa kufikiri, atawapatia fursa yao. Dereva wake akashusha vyakula vya mchana pamoja na dumu la mafuta ya kukaangia. Mama mkwe, aliyekuwa kiongozi wa wapishi, akaligeuza dumu huku na huku.

"Haya yametoka wapi?"

"Nje, mama. Ndiyo ya bei rahisi. Si unajua bajeti za semina zilivyo?"

"Nina magunia arobaini ya alizeti nyumbani, yananitazama," mama akasema taratibu. "Halafu nikaange kuku wa semina ya alizeti kwa haya?"

Dereva akajikuna kichwa. Yeye kazi yake ilikuwa usukani. Kuku wakachemshwa.

Ndani ya ukumbi, bwana shamba aliitwa mbele ausome waraka. Ulieleza, kwa Kiswahili cha suti na tai, kwamba kushuka kwa bei ni changamoto ya mpito, na kwamba mkulima mwerevu ataifidia kwa kuongeza ekari. Yaani ukipata hasara kwa gunia moja, dawa yake ni kuvuna magunia mengi zaidi. Alisoma haraka haraka huku jasho likimtiririka, akiona aibu kwa kila sentensi.

Alipomaliza, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ikichuruzika maji.

"Bwana shamba, mvua imebakiza wiki mbili ianze. Uwezo wa kununua mbegu ninao mara moja tu. Nikikosea safari hii, shamba linakwenda kwa wengine. Waraka nimeusikia. Wewe ungekuwa mimi, ungepanda nini?"

Bwana Fursa akatabasamu, akingoja jibu la kurasa kumi na moja. Bwana shamba akapiga moyo konde.

"Mahindi, mama. Rudi kwenye mahindi. Nchi jirani wanayanunua kama hawana akili nzuri, malori yanavuka mpaka kila siku. Kwenye alizeti nilikupotosha. Nisamehe."

Watu walipiga makofi mpaka madirisha yakatikisika. Mama akafuta macho kwa kiganja, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mahindi!" Kila mtu akaandika kwenye daftari la semina, lile lenye picha ya ua la alizeti.

Bwana shamba akarudi kukaa, akijua kibarua kimeota nyasi. Bwana Fursa akamwinamia sikioni. Ajabu, hakuwa na hasira hata kidogo.

"Kijana, unga umepanda bei mjini, watu wanalia. Jumatatu waheshimiwa wanafunga mpaka. Halivuki hata gunia moja la mahindi. Hiyo ni siri ya ofisi, umenielewa?"

"Sasa hawa wapande nini?"

"Wasubiri waraka."

"Utatoka lini?"

"Mvua ikishaisha."

Watu walikuwa bado wamekaa, madaftari mapajani. Ilitosha kusimama na kusema maneno matano tu. Lakini mama mkwe alikuwa tayari mbele yake na sahani yenye paja kubwa kuliko yote, uso unang'aa.

"Kula, mwanangu. Leo umeniokoa."

Bwana shamba alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Kisha akanawa mikono, akala.