Mtani Halii

Simu ya Mzee Kefa ilipokelewa na sauti nyingine, na mama yangu akajua.

Alikuwa ameketi kwenye jamvi, nyumbani kwetu Dodoma, simu ameishikilia sikioni kwa mikono miwili. Nilimsikia mwanaume akisema upande wa pili, "Mzee ametutoka jana jioni. Presha. Mimi ni mwanawe, Bartolomayo. Tunazika kesho. Samahani mama, naongea na nani?"

Mama alinitazama. Angejiita nani? Mchumba, na ana wajukuu? Rafiki? Mwanamke wa Kiislamu, mjane wa marehemu Rajabu, ana urafiki gani na mwanaume Mkristo wa Mpwapwa ambaye hajawahi kumtia machoni?

"Mimi ni mtani wake," akasema hatimaye. "Mnyamwezi wa hapa Dodoma."

"Ah, afadhali!" Sauti ya yule kijana ilichangamka kidogo. "Watani wenyewe wametuishia. Njoo, mama, usitutupe."

Simu ilipokatika mama aliendelea kuishika vilevile.

"Yusra," aliniambia, "nimesema nini mimi?"

Nilikuwa nimeelewa. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani haendi msibani kukaa pembeni. Huenda kuchekesha. Huvaa nguo za marehemu na hazivui mpaka alipwe, huiga mwendo wake, humtukana hata akiwa ndani ya jeneza, ili wafiwa wapumue. Kazi ya kulia ni ya wengine. Mtani halii. Mama alikuwa amejipatia mlango wa kuingilia kwenye mazishi ya Mzee Kefa, lakini mlango wenyewe ulimkataza kufanya jambo moja tu alilolitaka.

"Kwa Rajabu nilikaa eda," alisema usiku ule, akiufunga na kuufungua mtandio. "Nilivaa nyeupe, watu walikuja kunipa pole, nililia mpaka nikachoka. Kwa huyu sina eda. Sina hata mkeka wa kukalia."

Mimi ndiye niliyewakutanisha. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi nyumbani kungoja ajira, na kila juma nilikwenda Barabara ya Saba kutuma maombi ya kazi. Miaka ile kila fremu iliyokuwa ikiuza vitambaa iligeuka kuwa ya intaneti. Nilimchukua mama ili asibaki peke yake na kiti cha baba. Alikaa kando yangu akitazama kioo, mpaka siku moja akauliza kama ndani ya kitu kile kuna watu wa kuongea nao. Nikamfungulia ukurasa kwenye tovuti ya Watanzania wanaotafutana, wengi wao wako ng'ambo. Niliamini, na bado naamini, kwamba moyo wa binadamu haustaafu.

Picha alikataa. "Mjane mzima nijianike kama khanga?"

Tulipopekua wanaume wa rika lake, tukamkuta mmoja ambaye mahali pa picha ameweka ng'ombe. Ng'ombe dume, mwekundu, amesimama kiubavu.

"Mwanaume gani anajitangaza kwa ng'ombe?" mama aliuliza.

Nikasoma. "Mgogo. Mpwapwa. Mstaafu wa utafiti wa mifugo. Mgane."

Mama alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu tulipomzika baba. Akasogeza kiti, akaanza kuchapa kwa kidole kimoja: *Wewe Mgogo, hata kuoa unaomba?*

Jibu tulilikuta juma lililofuata: *Mnyamwezi, babu yako alipita hapa na mzigo kichwani bila kulipa hongo ya njia. Umekuja kulipa?*

Ikawa hivyo kwa mwaka mzima. Kumbe aliyekuwa akitafutwa duniani kote yuko mwendo wa asubuhi moja kwa basi. Baadaye wote wawili walinunua simu za mkononi, na Mzee Kefa akawa anapiga Ijumaa baada ya sala, kwa kuuheshimu muda wa mama. Hakuanza kwa "habari gani?" Alikohoa, halafu akasema kama mtangazaji wa redio, "Naam! Hapa Mpwapwa, hali ya malisho ni kama ifuatavyo." Ndipo akaeleza alikula nini, nani kamuudhi, goti lipi linauma.

Lakini kila kitu walikisema kwa utani. Aliposema, "Jumamosi nakuja kuchukua hongo yangu, jiandae," mama alimjibu, "Njoo na ng'ombe wako nimwone sura, yako sina haja nayo." Kisha akapaka hina. Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo ndipo simu ikapokelewa na Bartolomayo.

"Sijui kama alikuwa anakuja kweli," mama aliniambia ndani ya basi la Mpwapwa. "Mtu ukitaniana naye sana hujui lini anasema kwa dhati."

Tulifika msiba umejaa. Wanawake walikuwa ndani na kwenye mikeka ukumbini, wanaume kwenye mabenchi chini ya turubai. Jeneza lilikuwa mezani uani, uso uko wazi kwa heshima za mwisho. Tulipanga foleni. Mama alipofika alisimama, akainama kidogo, akamtazama mtu yule kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ana masikio makubwa hivi," alininong'oneza. "Hakuniambia."

Nilimshika mkono.

Dada wa marehemu, bibi mrefu aitwaye Anyesi, alikuja mbio mbio na khanga yake kiunoni, akatusalimu Kigogo. "Mbukwenyi! Ndiye Mnyamwezi wa simu? Karibu, karibu! Kuna mtani mmoja tu hapa, Mhehe, na tangu asubuhi amelewa, hachekeshi hata kuku." Watu walicheka. Akamrushia mama koti la kaki na kofia ya marehemu. "Haya, mpagazi! Tuonyeshe kaka yangu alivyokuwa anatembea. Tumechoka kulia."

Mama alivaa koti. Mikono ilimfunika vidole. Akaivaa kofia juu ya mtandio. Uwanja mzima ukamgeukia, wameshaanza kutabasamu, wakingoja hatua ya kwanza.

Naye hakujua. Hakujua kama alichechemea au alinyooka, kama alitembea na fimbo, kama alitupa mikono. Goti aliambiwa linauma, lakini lipi leo? Alibaki amesimama katikati ya ua ule kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Mtani vipi?" mmoja aliguta kutoka kwenye mabenchi. "Au hukumfahamu?"

"Amwulize Mhehe!"

Nilitaka kwenda kumwondoa. Ndipo mama akakohoa. Akakohoa kile kikohozi chenyewe, kizito, cha kujipa cheo, akanyoosha shingo.

"Naam!" akasema. "Hapa Mpwapwa, hali ya malisho ni kama ifuatavyo."

Ua ulilipuka. Wajukuu waliruka. Bartolomayo, aliyekuwa ameegemea nguzo, alijishika tumbo. "Ndiye! Ndiye huyo huyo!"

"Mlenda umepikwa na chumvi nyingi," mama aliendelea, sauti ikipata nguvu. "Mkwe wangu anataka kuniua. Goti la kushoto linasema mvua, la kulia linasema kiangazi, na mimi kama mtaalamu nimeamua kulala."

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Nilimwona mama akiwatazama wakicheka maneno yale, maneno aliyodhani ni yake peke yake, ya Ijumaa. Akafungua kinywa aendelee.

"Na kesho Jumamosi," alisema, "kesho Jumamosi..."

Hapo sauti ikakatika. Alilia. Alilia kwa sauti, ndani ya koti lile kubwa, mabega yakitikisika, kofia ikaanguka. Na watu wakacheka zaidi. Walidhani anaendelea kuigiza. "Mtazame Mnyamwezi!" walisema. "Analia kama mjane!" Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata, na mama akalia waziwazi mbele ya watu wote wa Mzee Kefa, wakimshangilia.

Bibi Anyesi ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alimtazama mama, akatazama hina vidoleni mwake, mpya, nyekundu. Akaokota kofia, akamsogelea. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Kaka aliniambia Jumamosi anakwenda Dodoma kuwasalimia watani," alisema polepole. "Nikamwuliza, watani gani wanamfanya mzee apige suruali pasi mara mbili? Akanifukuza chumbani."

Mama alikuwa bado analia, lakini alikuwa anasikiliza.

"Mtani, dai malipo yako!" walipaza sauti kutoka kwenye mabenchi. "Usivue koti bure!"

"Mwacheni!" Bibi Anyesi aliwageukia. "Utani umekwisha. Bebeni jeneza."

Hakumvua lile koti. Alimshika mkono, akampitisha kwenye mikeka ya ukumbini, akamwingiza ndani walikokaa wanawake wa nyumba ile. Nilisimama mlangoni. Wanawake walimtazama yule mgeni wa Kiislamu aliyevaa koti la marehemu, kisha wakamtazama Bibi Anyesi, wakingoja aseme ni nani.

"Sogeeni," Bibi Anyesi alisema. "Naye amefiwa."

Wakasogea.