Alama ya Kidole Gumba

Mgeni alifika kiwandani Vugiri wakati majani mabichi ya chai yakishushwa kwenye trekta, akamuulizia Zuena wa maabara. Alijitambulisha kwa jina la Jonathan, kisha akatoa mkobani soksi ya sufu. Ndani yake mlikuwa na kibomba cheupe cha kauri, chembamba kama kidole, kimezibwa upande mmoja. Zuena alikigeuza, akaona karibu na mdomo alama ya kidole gumba iliyochomwa pamoja na udongo. Hakuuliza ni ya nani.

Mchumba wake, Mbaruku, alikuwa masomoni Ulaya tangu viwanda vya umma vilipoanza kunadiwa. Jonathan alisoma naye. Alisema Mbaruku ni mzima, anasalimia, na mwaka huu pia harudi. Mengine Zuena aliuliza kwa adabu, akajibiwa kwa adabu. Aliijua hali hiyo. Kipimo chake cha kioo hakikustahimili joto la boila, hivyo kila asubuhi alichota maji, akayapoza, ndipo akapima asidi. Lakini maji yaliyopoa hayasemi yalikuwaje yalipochemka kwa shinikizo. Habari za Mbaruku nazo zilimfikia zimepoa.

Asubuhi moja, kabla Mbaruku hajaenda Ulaya, kipimo cha kioo kilisema maji ni mazuri. Mchana wake bomba la boila lililoliwa na asidi kwa ndani likapasuka, likamuunguza mkono mzee Semboja, fundi wa boila, baba yake Mbaruku. Ndiyo maana kijana aliondoka, akajifunze kutengeneza kipimo cha kauri kinachoweza kupima maji yakiwa yanachemka ndani ya boila. Kwenye stesheni ya Korogwe, Zuena alimwahidi Mbaruku kwamba kibomba cha kwanza atakachotengeneza kitaingia kwenye boila hii, hakitakuwa pambo.

Mzee Semboja alikipokea kwa mkono wenye kovu. “Miaka yote hii Ulaya, kaleta kiko kisicho na tundu,” alisema, akacheka peke yake. Kisha akakirudisha. “Kikishaonja moto ule hakitoki kizima, mama. Kaa nacho. Mimi sitamwambia.”

Zuena aliweka gumba lake juu ya ile alama. Likapotea ndani yake.

“Nilimwahidi, baba.”

Boila ilipozimwa kwa usafi, mzee alikikaza mahali pake, na kesho yake moto ukawashwa. Shinikizo likapanda. Mshale wa mita ya asidi iliyounganishwa na kibomba ukatetemeka, ukatulia mbali na pale ulipozoea kutulia kwa maji yaliyopozwa.

“Maji ni makali, baba. Tia dawa kabla hujaongeza kuni.”

Mzee akaenda kuchukua dawa. Zuena aliingiza mkono mfukoni mwa koti lake jeupe, akaikuta soksi. Ilikuwa bado na umbo la kibomba.