Diski ya Utepe wa Bluu

Ijumaa jioni, mwanafunzi wake wa mwisho alipokwisha kuparuza ukingo wa barabara na kuapa kwamba ukingo ndio uliosogea, Mwalimu alirudisha gari la shule, akatundika ufunguo ukutani, na badala ya kwenda nyumbani akakata kona kuelekea kwa Sherifu, muuza diski. Ungemwona jinsi alivyotembea taratibu ungedhani ametulia. Roho ilikuwa juu. Mwenye shule ya udereva alikuwa anafungua tawi katika mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima barabarani, na alimtaka yeye akalisimamie. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Na Mwalimu alilitaka tawi lile, jamani, alilitaka mpaka usingizi ulimhama. Alikwisha kuchoka kukaa kiti cha abiria akitazama wengine wakiendesha, mguu wake wa kulia siku zote juu ya ile breki ya pili iliyofungwa upande wa mwalimu. Sasa utauliza, kama alilitaka hivyo, si angesema ndiyo papo hapo? Mume wa kumzuia hakuwa naye. Mtoto hakuwa naye. Kilichomzuia kilikuwa siku ya Jumamosi.

Baba yake alikuwa mpaka rangi aliyestaafu, na mtaa mzima ulimwita Mzee Kofia kwa sababu ya kofia ya kauboi, pana kama sinia, aliyoivaa kila Jumamosi. Mzee yule alipenda muziki wa kantri kwa mapenzi ambayo hata daktari asingeyatibu. Hakuwahi kupanda farasi wala kugusa ng'ombe, ila ukimwekea wimbo wa mtu aliyeachwa kwenye mvua na gitaa lake, machozi hayo. Enzi za uhai wa mkewe, kila Jumamosi mchana waliwasha deki, maneno yakapita kwenye televisheni yakigeuka rangi kutoka nyeupe kuwa njano, nao wakaimba nyimbo za kujibizana, mume mstari huu, mke mstari ule. Majirani walikuja na viti vyao.

Mke alipofariki watu walidhani mambo yale yamekwisha. Kumbe. Haukupita muda shangazi yake Mwalimu, dada wa mzee, akaleta kipaza sauti mwenyewe, akakitia mkononi mwa msichana wa watu. Alimwambia ashike, baba yake asiimbe peke yake kama mwendawazimu, mara moja tu, apate kupumua. Mwalimu akashika. Basi ile mara moja ndiyo hii mpaka leo, na yeye si msichana tena.

Halafu kulikuwa na buti. Buti nyeupe za mama yake, zenye visigino na nyuzi za dhahabu, ambazo shangazi alisema bila hizo picha haipendezi. Mguu wa marehemu ulikuwa mdogo. Kila Jumamosi Mwalimu alivikunja vidole vyake humo ndani, akasimama mahali pa mama yake, akaimba maneno ya mama yake, na shangazi akapiga picha kwa simu akisema wamefanana hadi inatisha. Aliwahi kujaribu kukwepa kwa kisingizio cha mafua. Mzee hakulalamika. Alizima deki, akaketi kofia ikiwa magotini mchana kutwa, asizungumze na mtu. Mwalimu aliona heri angepigwa.

Ndiyo maana siku ile alikuwa anakwenda kwa Sherifu. Alikuwa amewaza, akawazua, akagundua kwamba hahitaji ruhusa ya mtu. Anahitaji diski.

Duka la Sherifu lilikuwa limebanwa katikati ya duka la kutoa nakala na saluni, jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakikutana mmoja alilazimika kurudi nyuma. Wenzake wote katika biashara ile walikwisha kuhamia kwenye vifuniko vya simu. Yeye alibaki, na nyota ya bati kama ya masherifu wa sinema za kauboi, aliyopewa na Mzee Kofia, ikiwa imebandikwa kifuani kwenye shati, akiuza albamu za kantri na diski za karaoke kwa wazee wachache ambao, kama huyo mzee wetu, muziki usioshikika mkononi kwao si muziki. Maboksi yalijaa hadi mlangoni. Kwenye majalada, wanaume wenye masharubu walioegemea uzio. Wanawake wenye nywele zilizopandishwa juu kama mikate. Mwalimu alipenya ubavu kwa ubavu, akasalimia, akaanza kupekua.

Siri ya boksi la karaoke ilikuwa kwenye utepe. Diski isiyo na utepe ilikuwa kavu, yaani muziki mtupu, waimbaji wote wawili wametolewa. Utepe mwekundu, sauti ya mwanamke imetolewa na ya mwanamume imebaki. Utepe wa bluu ni kinyume chake: mwanamume katolewa, mwanamke yumo, anaimba sehemu yake na kukuachia yako. Hii ya bluu ndiyo aliyoitaka Mwalimu. Mwanamke asiyechoka, asiyehamishwa kikazi, asiyeumia vidole. Ambonyezee baba yake kwenye deki, kisha yeye akafunge begi.

Akapekua boksi zima. Nyekundu, kavu, nyekundu, nyekundu, bluu moja lakini ni ya nyimbo za harusi. Hatimaye akapiga moyo konde, akamuuliza Sherifu kama anaweza kumpatia ile ya mume na mke, yenye wimbo wa stesheni ya treni, lakini ya utepe wa bluu.

Sherifu aliinua uso kutoka kwenye kitambaa alichokuwa anafutia diski, akacheka.

"Hiyo mbona mnayo, Mwalimu."

"Kwetu ziko kavu tupu. Mimi ndiye ninayezipanga."

"Kavu ni za zamani. Ya bluu aliichukua mzee mwenyewe, mama yako alipotutoka. Hata viti vya kuazima vya msibani vilikuwa havijarudishwa. Niliagiza moja tu, kwa ajili yake."

Mwalimu alikuwa ameshika albamu ya mtu mwenye gitaa, na aliitazama muda mrefu mpaka Sherifu, kwa kumwona hivyo, akadhani anataka kuinunua, akaanza kumsifia. Mwalimu akaondoka bila kuaga. Njia nzima damu ilimchemka. Miaka yote ile! Kuna mwanamke ndani ya nyumba, anajua kuimba kuliko yeye, amefungiwa mahali, na yeye anakunja vidole kwenye buti za marehemu akimsihi baba yake asipande treni. Maana hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya wimbo wenyewe: mwanamume anaondoka, mwanamke anamwambia baki. Kila Jumamosi yeye ndiye aliyesema baki. Na wa kubaki akawa yeye.

Alimkuta mzee sebuleni akisugua kofia kwa brashi, tayari kwa kesho. Hakumwamkia.

"Baba, diski ya utepe wa bluu iko wapi?"

Brashi ilisimama. Mzee hakujifanya hajui, hilo tumpe haki yake. Alivuta boksi la kofia lililokuwa chini ya kiti, akatoa karatasi za kujazia, na chini kabisa akatoa diski. Utepe ulikuwa umeanza kubanduka.

Hapo Mwalimu alisema yote. Hakupiga kelele, lakini alisema. Alimwambia kwamba amemfunga. Kwamba wenzake wote wameondoka, wengine wamekwenda na wamerudi, yeye hajawahi kulala nje ya nyumba hii Jumamosi hata moja. Kwamba amechukizwa, ndiyo, amechukizwa na kofia, na treni, na mvua yao hao watu wa kantri isiyokatika. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kifua chake kilikuwa kikikoroma kidogo, kama kawaida yake tangu rangi zile za mafuta zilipomharibu, na alisubiri pumzi irudi ndipo akasema.

"Niliijaribu ukiwa kazini. Si mara moja. Yule mwanamke hasubiri."

"Hasubiri nini?"

"Mimi. Pumzi ikikata, mama yako alikuwa analivuta neno lake la mwisho mpaka nifike. Wewe pia unalivuta. Yule anaendelea tu, kana kwamba simo."

Mwalimu alikaa chini. Hakuwahi kujua kwamba analivuta. Hakuna aliyemfundisha. Lakini mzee alipolisema tu akalisikia, lile neno la mwisho wa mstari analoliburuza, jicho likiwa kwenye kifua cha baba yake, mpaka kifua kipande na yeye aachie. Ni kazi ile ile anayoifanya kutwa kwenye gari na wanafunzi wake, mguu kwenye breki ya pili.

Akamweleza habari za tawi. Mzee aliuliza ni mji gani, akaambiwa. Akauliza jibu linatakiwa lini, akaambiwa Jumatatu. Akageuza kofia mikononi, akatazama ndani yake kana kwamba ameangusha kitu humo.

"Na Jumamosi je?" akasema.

Basi. Mwalimu aliingia chumbani akafunga mlango. Ubaya ni kwamba hasira ilikuwa imemwishia, na hasira ndiyo iliyokuwa nauli yake. Mtu aliyekufunga kwa ubaya utamkimbia. Huyu pumzi inamkata katikati ya mstari, utamkimbia vipi? Alilala kifudifudi akalia, na alipomaliza kulia alikuwa amekata kauli. Jumatatu atamwambia mwenye shule atafute mtu mwingine.

Kesho yake viti vilikuja kama kawaida. Shangazi alikuja wa kwanza, akaifuta lenzi ya simu kwa khanga, akauliza mbona macho yako mekundu, asingoje jibu. Mwalimu alivuta buti moja, akavuta ya pili. Vidole vilikwishajua pa kujikunja. Akasimama mahali pake, kushoto kwa televisheni, akiwa na uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino.

Mzee Kofia aliinama mwenyewe kuweka diski, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya binti yake. Muziki wa stesheni ulipoanza, gitaa lile na ile sauti ya treni ya mbali, Mwalimu alivuta pumzi aingie. Mwanamke akaingia kabla yake, kutoka kwenye spika, sauti nene, safi. Watu waligeuka kutafuta ni nani. Shangazi alishusha simu akamuuliza kaka yake ni kituko gani hiki. Mzee hakumtazama, alikuwa anasubiri zamu yake.

Ubeti wa kwanza alikwenda vizuri. Wa pili kifua kikamgomea. Maneno kwenye skrini yaligeuka njano, yakamwacha, yakaja mengine, na mwanamke wa kwenye diski akaendelea kumsihi abaki bila hata kumtupia jicho. Mzee alifungua mdomo, hapakutoka kitu. Sebule nzima ilimtazama Mwalimu. Na mguu wake wa kulia, ndani ya buti, ulikuwa umekwisha kukandamiza sakafu, kwa nguvu, kutafuta breki isiyokuwepo. Kabla hajajijua alikuwa anaimba. Alilishika lile neno la mwisho akalivuta, akalivuta, amngoje.

Mzee aliinua mkono, kiganja kimemwelekea, kama mtu anayesimamisha gari.

"Acha, mwanangu," alisema ndani ya kipaza sauti, wote wakasikia. "Niache nikosee."

Mwalimu akanyamaza. Ilimuuma kunyamaza kuliko kuimba, nakwambia. Baba yake aliingia kwenye mstari ukiwa nusu umepita. Akakosa uliofuata. Akaupata wa baada yake, akaukosa mwisho wake. Jirani mmoja alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akaacha. Shangazi alinong'ona kwamba hii ni aibu, msaidie baba yako, na Mwalimu, badala ya kumjibu, aliketi sakafuni akaanza kuvua buti. Ya kushoto ilitoka na soksi yake. Vidole vilikuwa vyekundu, akavikunjua kimoja kimoja.

Mzee alikuwa bado hajapanda treni. Muziki ulikwisha, mwanamke alikwisha, skrini ikawa nyeusi, naye alikuwa amebakiwa na mistari kadhaa. Aliiimba hivyo hivyo, bila gitaa, akipumzika kati ya neno na neno, mpaka ikaisha. Kisha akavua kofia, akajifuta jasho, akamwomba dada yake aurudishe wimbo mwanzo.

Mwalimu aliziweka buti kwenye boksi lake, akatoka uani pekupeku na simu mkononi. Huko ndani mwanamke yule alikuwa ameanza tena, na baba yake amekwisha kuchelewa. Alitafuta namba ya mwenye shule. Hakuisubiri Jumatatu kusema ndiyo.