Shavu la Nyanya Phelister

Nyanya Phelister aliunguzwa shavu la kushoto na mafuta ya moto. Miaka mingi baadaye, alipokwisha kufariki, mimi nikazaliwa na baka jekundu kwenye shavu lilo hilo. Jamaa wakasema amerudi, wakanipa jina lake.

Kwa hiyo nilipoanza matibabu ya leza, Shangazi Akech alikuja juu. "Unamfuta mama yangu!"

"Ni mishipa ya damu tu," nikamjibu. "Uso wangu si kaburi, Shangazi."

Kila mwale ulichapa kama mpira wa nywele uliovutwa ukaachiliwa. Baka liligeuka zambarau, kisha likaanza kufifia, hadi asubuhi moja kioo kikanionyesha shavu lenye rangi yangu. Nililigusa polepole, kama mtu anayegusa mtoto wa wenyewe.

Nikaenda mtaa wa Jericho kwa Shangazi, nikiwa tayari kwa ugomvi. Alinitazama usoni. Nikacheka kwa wasiwasi. Akanyoosha kidole, akakigusa kishimo kilichojitokeza shavuni nilipocheka. Hakuna aliyewahi kukiona, maana wote walikuwa wakitazama baka.

"Mama alikuwa nacho hapa hapa," akanong'ona. "Kabla hajaungua."