Wasiwasi Alivyohamia Saluni

Saluni ya mama yake Redio ilikuwa na viti vitatu na midomo isiyo na idadi. Asubuhi ile Redio aliingia amevaa sare, nywele zimemsimama, na nyuma yake yuko mwanamke mmoja mnene kiasi, amemkumbatia tumboni kwa mikono miwili kama anabeba sufuria ya moto.

"Huyo nani?" mama akauliza, kitana mdomoni.

"Wasiwasi. Nimeamka nikamkuta."

Siku hiyo Redio alikuwa asome habari mbele ya shule nzima. Nafasi hiyo aliililia tangu muhula uanze, na asipofika inakwenda kwa mtoto wa mwenye duka, ambaye akishika kitu haachii. Walimwita Redio kwa sababu alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata pakiti ya chumvi. Leo alikuwa amezimika kabisa.

Mama akamketisha, akaanza kumsuka. Wasiwasi naye akajitupa kwenye kiti cha draya, akakunja nne.

"Atakwama neno la kwanza," akasema. "Watamcheka. Mwalimu mkuu atacheka mpaka aanguke, na kwa kishindo kile paa litang'oka."

Sasa, kwa wateja wa pale habari ni habari, hakuna anayeuliza kama imeshatokea. "Makubwa haya," akasema bibi mmoja mwenye rola kichwani, simu iko sikioni tayari. "Shoga, umesikia? Paa la shule limeng'oka."

Kila alipopata sikio, Wasiwasi alinenepa.

"Hakuna kitu, mwanangu, usiogope," mama akasema.

"Kumbe mimi muongo," akasema Wasiwasi, akafura mpaka kichwa kikakwama ndani ya draya. Mama akachukua ufagio amtimue. Akafura zaidi, na sasa hata angetaka kutoka, asingepita mlangoni.

Redio alitetemeka hadi kitana kikawa kinaruka kichwani. Mama moyo ukamlegea. "Basi, leo usiende. Nitampigia mwalimu."

Redio akashusha pumzi. Wasiwasi akanywea, akatabasamu, akavua viatu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa mto, mswaki na kandambili.

"Unakwenda wapi na hivyo?" mama akauliza.

"Siendi, wifi, nahamia. Jumatatu ana hesabu ubaoni, nitahitajika mapema. Na wadogo zangu wako njiani."

Mama akazitazama zile kandambili, zimelika kisigino kwa kushinda nyumba za watu. Akaona anakaribia kumlea mgeni badala ya mtoto. Akarudi nyuma ya kiti. Kwenye kusuka kwake alishajua dawa ya mteja mwenye umbea: humfukuzi, humbishii. Unasuka tu, unamwambia aumalize.

"Muulize, 'Halafu?'" akamnong'oneza Redio.

Redio akamgeukia Wasiwasi. "Nikikwama, halafu?"

"Watacheka."

"Halafu?"

"Watacheka sana."

"Halafu?"

Wasiwasi akapekua mkoba. Hakuna aliyewahi kumfikisha huko. "Watachoka," akasema kwa shida. "Kengele italia."

"Halafu?"

"Wataanza kuisema suruali ya mwalimu wa michezo."

"Hapo umesema kweli," akadakia bibi wa rola. "Ile suruali ni msiba."

Kila halafu ilimpunguza Wasiwasi, hadi miguu ikawa inaning'inia kitini.

"Lakini mama, bado naogopa."

"Ogopa tu, mwanangu. Nenda naye. Ila mkoba wake ubaki hapa."

Muda ulikuwa umekwisha. Wakatoka mbio, Redio kasukwa nusu kichwa, Wasiwasi kamshika mkono.

Shuleni, uwanja ulifurika. Wazazi walikuja na ngazi, na kamba, na mmoja na godoro la kumdakia mwalimu mkuu. Habari ilishafika. Redio akapanda jukwaani, akafungua mdomo, na neno la kwanza likakwama palepale, kama ilivyotabiriwa. Mtu akacheka. Kicheko kikasambaa.

Getini mama alitaka kuruka akamtoe mwanawe. Akang'ang'ania nondo za geti. Wasiwasi, amekaa ngazi ya chini ya jukwaa, alipandisha mabega tu kama mtu aliyeishiwa habari.

Mama akaona midomo ya Redio ikicheza bila sauti. Hata kwa mbali, neno lile alilitambua: halafu.

"Habari zilizotufikia hivi punde," Redio akasema, sauti inatetemeka lakini inatoka. "Paa la shule lipo."

Umati mzima ukatazama juu kuhakikisha. Redio akawasubiri wamalize, kisha akaingia kwenye habari ya pili.