Kifuniko cha Mpira

Mtunza ghala alimwekea mkuu wa askari wa wanyamapori vifuniko viwili mezani, vyote vya kukinga lenzi za darubini za bunduki. Kimoja kilikuwa cha plastiki chenye springi, ukikigusa tu kinafunguka. Kingine kilikuwa cha mpira, na kukivua mpaka utumie mikono miwili.

"Chagua, mzee wangu, niagize tupumzike," alisema. "Vumbi limeshakwaruza lenzi tatu."

Mzee alijibwaga kitini kama gunia. Miaka ishirini na sita ya kufukuza nyati mashambani ilikuwa imemkaa magotini, na tangu asubuhi alikuwa akiulizwa habari za buti na mahema. Alikifungua cha springi mara moja, akakisukuma pembeni. Kisha akakivua cha mpira, akihesabu kimoyomoyo.

"Sekunde nne. Agiza hiki."

Mtunza ghala akacheka. "Sekunde nne? Nyati si atakuwa ameshakula, ameshiba, na ameaga?"

"Akienda atarudi. Mahindi hayajaacha kuwa matamu."

Mzee aliinuka kwa kushika meza, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko miguu.

"Mwaka ule bunduki yangu haikuwa na kifuniko. Niliona kitu cheusi kimeinama kwenye mahindi, nikafyatua. Shemeji yangu unamjua, yule anayetembelea magongo. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Sekunde nne zingemtosha kusimama."