Kuku wa Arobaini ya Mama

Mama yake Mwanvita aliteremka mjini kutoka milimani Mkuyuni akiumwa, na kuku wake ndani ya tenga, maana hakuwa na wa kumwachia. Alipofariki hapa Mwembesongo, Mwanvita akaapa mbele yetu sote tuliojaa matangani: siku ya arobaini wataliwa kuku wa mama, na tetea mweusi atabaki wa mbegu. Mluguru akikuambia habari ya kitu cha mama yake, humbishii.

Shida ikawa nguchiro. Alikuwa akitoka vichaka vya mtoni mchana kweupe, anakwapua kifaranga huku tunamtazama. Mwanvita akaita fundi, likasimama banda la waya mpaka chini. Tukatania kwamba hata upepo utapiga hodi. Kuku hawakutoka tena. Mvua za masika zikaanza, maranda waliyotandikiwa yakalowa, wakawa wanakula walipokunya.

Siku moja Prisca, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa Bukoba, akachungulia bandani. "Jamani, kuku wamenona hawa!"

"Sema mashaallah!" Pili, jirani mwenzetu, akamrukia.

"Mashaallah ya Mkatoliki itashika kweli?"

Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Kicheko kile kikatutokea puani. Kuku wakaanza kukonda, vilemba vikapauka, vifua vikawa vikali kama kisu. Pili akazunguka mtaa mzima: "Si niliwaambia? Macho yale!"

Prisca akaja na pakiti ya dawa. "Dada, hawa wana minyoo. Changanya kwenye maji yao, na hayo maranda yatoe."

Mwanvita akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Prisca alipogeuka tu, akaimwaga mferejini. "Aroge yeye, atibu yeye?" Jioni hirizi ikaning'inia mlangoni pa banda.

Kuku wakafa mmoja mmoja. Vibudu haviliwi, tukawa tunafukia tu. Akabaki tetea mweusi, naye asubuhi, siku moja kabla ya arobaini, akaanguka ubavu.

"Baba Hidaya, kisu! Anakufa huyu!"

Mumewe akatoka mbio na povu la sabuni kidevuni, akamwahi, bismillah, akachinja. Mwanvita akapumua. Angalau mmoja wa mama atafika arobaini. Akamnyonyoa mwenyewe, akampasua. Utumbo ulikuwa umejaa minyoo myeupe, imesokotana kama tambi.

"Labda na hiyo katumiwa na..." Pili akaanza.

"Pili, funga mdomo."

Mwanvita akaenda kwa Prisca na kanga yake yenye damu. Prisca akasimama mlangoni, na yule ambaye "karibu" yake siku zote ilisikika mpaka barabarani hakusogea kumpisha.

"Dada Prisca, ile dawa..."

"Uliimwaga. Mfereji unapita chini ya dirisha langu."

"Nisamehe. Njoo basi kwenye arobaini ya mama."

"Nije niangalie nini tena? Macho yangu si mnayajua."

Mlango ukafungwa taratibu, bila kishindo.

Tetea tukamfukia na wenzake, na arobaini tulikula wali na maharage. Watu walifurika, wengine wakakaa nje kwenye majamvi, na Mwanvita akawa anageuka kila mtu alipopiga hodi. Prisca hakuja. Banda lilikuwa limefagiwa, komeo limefungwa, hirizi imelowa mvua. Nguchiro akapita katikati ya wageni, akanusa waya, akaenda zake. Hakuna aliyeinuka kumfukuza.